Ombi la Kumhamisha Machogu Kutoka Eneo Lake la Utafiti Kabla ya Harusi

Ondieki Nyabuto,
Karibu na Kituo cha Majani Chai,
Gesima, Nyamira.

Kwa Mwenyekiti,
Idara ya Sayansi ya Kompyuta,
Chuo Kikuu cha Vilima vya Manga.

Mheshimiwa Daktari Samsam Warsame,

MINT: MALALAMIKO KUHUSU MAENEO YENU YA UTAFITI, NA OMBI LA KUMHAMISHA DKT. MACHOGU

Pokea salamu kutoka huku Gesima, ambako mvua imetuhurumia, chai inachumwa, na hakuna mgonjwa isipokuwa mgomba mmoja nitakaoueleza mbele. Najua wewe ni mtu wa shughuli nyingi. Mimi pia. Lakini nimeona nikikaa kimya mambo yataharibika nikiyatazama hivi hivi.

Nijitambulishe. Mimi ni baba mdogo wa msichana aitwaye Purity, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi pale Masimba. Baba yake, kaka yangu mkubwa, alifariki Purity akiwa bado anavaa sare ya shule. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia nimwangalie huyu mtoto asije akaolewa mahali pa kulia. Hakuniachia usia mwingine. Nimeubeba huo tangu hapo, na ndio unaoniandikisha barua hii, hata pale utakapoona kama nimekasirika.

Tena mimi ni esigani. Wewe ulizaliwa hapo mjini Kisii kwa hiyo unajua, lakini nieleze kwa ajili ya wenzako wa kutoka mbali. Esigani ni mshenga, ila si mshenga wa kubeba salamu tu. Kabla wazee hawajakaa kuongea habari ya mahari, esigani hutumwa kuichunguza ile nyumba nyingine: ni watu wa namna gani, wanagombana na nani, wana ugonjwa gani wa ukoo, na kwa nini kuna shangazi mmoja ambaye hatajwi. Na esigani mwenye akili haendi kugonga mlango wa wenyewe. Huenda kwa majirani, akajifanya anatafuta ng'ombe wa kununua, akaketi, akanywa uji, akasikiliza. Kazi hii nimeifanya Gesima yote na sijaharibu. Iko ndoa moja iliyovunjika, na hiyo nilikuwa nimeikataa.

Sasa Purity amepata mchumba. Ni Dkt. Machogu, kijana wa Mosocho, mhadhiri katika idara yako. Kwao Mosocho nilikwenda nikakuta watu safi. Mama yake anauza ndizi sokoni na hampunji mtu. Baba yake hana kesi ya mpaka wa shamba na jirani yeyote, jambo ambalo huku kwetu ni la kumshukuru Mungu. Ningeishia hapo tungekuwa tumemaliza. Lakini nikajiambia kwamba huyu kijana anaishi chuoni kuliko anavyoishi Mosocho, na watu wake wa kila siku ni wale wa idara. Basi nikaja kuichunguza idara. Yule mzee wa koti la kijivu aliyekuwa akiuliza kama kuna mtu anauza mtamba ndiye mimi.

Nilifuata utaratibu. Nilianzia kwa majirani zenu, Idara ya Hisabati, nao kama majirani wote walikuwa na mengi. Waliniambia nyinyi mlikuwa watoto wao, mkakua, mkadai boma lenu, mkahama na viti vizuri, na siku hizi hamsalimii. Hilo sikulitia maanani, maana ndivyo kila baba asemavyo kuhusu mtoto aliyejenga karibu na barabara. Kisha nikaingia kwenu, nikaona ukutani ubao wa maeneo ya utafiti, na chini ya kila eneo picha za watu wake. Nikaelewa mara moja. Zile ni koo. Kila ukoo una mzee wake, una watoto wake wanaosomea uzamifu, na una ukoo mwingine ambao hawaelewani. Hapo nikawa niko nyumbani, nikaanza kazi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ukoo wa Usalama wa Mitandao. Mzee wao ni Dkt. Haron, kijana mpole, ana tabasamu zuri. Nilimuuliza anafanya kazi gani, akasema anaingia katika mitambo ya watu. Nikamuuliza kama wenyewe wanajua. Akasema wanajua, tena ndio wanaomwomba aingie, na akishaingia huwaandikia ripoti ya kuwaonyesha alipopitia. Mheshimiwa Daktari, mimi nimeona wezi wa kuku, wezi wa mabati na wezi wa chai mbichi. Sijaona mmoja aliyeacha ripoti. Simtuhumu Haron kwa lolote, ila ofisi yake imepakana na ya Machogu, na ukuta wenu pale ni wa mbao nyembamba. Purity atafunga milango yake na kitu gani, kama mumewe ana rafiki wa namna hiyo?

2. Ukoo wa Akili Unde. Hapa nalalamika kama mtu aliyeumizwa. Dkt. Celestine anafundisha mashine kutambua ugonjwa wa migomba. Alinieleza kwa subira kwamba mashine hujifunza kama mtoto: unaionyesha picha za majani yenye ugonjwa na picha za majani mazima, nyingi mno, hadi iweze kutofautisha yenyewe. Jambo jema. Alifika hadi Gesima na kamera yake. Mgomba mzuri wa mke wangu Esnah, ule wenye mkungu unaowasimamisha wapita njia, aliupita hivi hivi. Ule wenye mnyauko, kule nyuma ya choo, aliupiga picha pande zote, akamshukuru sana Esnah. Tangu siku hiyo Esnah amekataa mgomba huo usiguswe na mtu. Anasema umesaidia chuo kikuu. Afisa wa kilimo alikuja akaamuru ung'olewe na kuchomwa kabla haujaambukiza mingine, Esnah akamwambia kwanza alete ruhusa kutoka kwa Celestine. Jirani yetu naye ameona wivu, anatafuta mgomba mgonjwa wa kwake. Mashine yenu inaendelea kuelimika na shamba langu linaendelea kunyauka.

3. Ukoo wa Nadharia. Profesa Nyangate amezeeka kwa heshima akithibitisha kwamba mambo fulani hayawezekani. Si kwamba yeye ameshindwa. Anathibitisha kwamba mtu mwingine yeyote, hata apewe kompyuta kubwa kama kiwanda cha chai, hawezi kuyamaliza kwa wakati unaofaa. Akishathibitisha anapigiwa makofi, anapandishwa ndege, anakwenda kuwaambia watu wa nchi nyingine kwamba na kwao pia haiwezekani. Kumbe Machogu hula chakula cha mchana na mzee huyu. Siku paa la Purity litakapovuja, mume wake ataleta ngazi au ataleta karatasi? Kwetu mwanamume akichoka na kazi husema mgongo unamuuma. Ni uongo wa heshima, na kila mke anajua jinsi ya kuujibu. Uthibitisho wa hesabu mke ataujibu na nini?

4. Ukoo wa Faragha ya Data. Hapa naomba ukae vizuri kitini. Nilimwendea Dkt. Firdaus kwa adabu zote, nikamuuliza mambo ya kawaida kuhusu Machogu: hulala saa ngapi, huongea na wasichana gani, akikasirika hufanya nini. Akanipa kiti. Akanipa chai ya tangawizi na mahamri. Akaniuliza habari za nyumbani, za mvua na za bei ya mbolea, na kuhusu Machogu hakunipa hata neno. Alisema habari za mtu ni za mtu mwenyewe, na kama nazitaka nikamuulize mwenyewe. Kumuuliza mwenyewe! Mheshimiwa Daktari, ukoo huu ukiachwa ukue, esigani amekwisha. Sisi tunaishi kwa kutajiana watu. Ikiwa kila mtu wa Nyamira ataombwa ruhusa kabla jirani hajamtaja, watoto wetu wataolewa na watu tusiowajua hata jina la shangazi. Mahamri yalikuwa mazuri sana, hilo silifichi.

5. Ukoo wa Machogu mwenyewe. Hapa ndipo nilipolazimika kuketi kwenye ngazi zenu. Ukoo huu unaitwa Ulinganishaji. Mwanafunzi wake mmoja, msichana mchangamfu aitwaye Ashley, alinieleza yote ubaoni bila kujua mimi ni nani. Chukua makundi mawili, alisema, tuseme wavulana na wasichana. Kila mvulana anawapanga wasichana, kuanzia anayempenda zaidi hadi wa mwisho, na kila msichana anawapanga wavulana vivyo hivyo. Kisha wavulana wanaanza kuposa. Kila mmoja anamposa aliye juu kwenye orodha yake. Msichana aliyeposwa na wengi anamshikilia aliye bora kwa sasa na kuwarudisha wengine, nao wanakwenda kumposa anayefuata. Akitokea aliye bora zaidi, yule wa kwanza anaachwa, naye anaanza safari tena. Wanaendelea hivyo mpaka kila mtu ametulia na wake, na mwishowe hakuna mvulana na msichana ambao wangependa kutoroka pamoja kuliko kubaki na waliowapata. Ashley akasema hilo limethibitishwa. Kisha akafuta ubao kana kwamba amenieleza njia ya kwenda sokoni.

Mheshimiwa Daktari, hiyo ni kazi yangu. Nimeifanya kwa miguu, kwenye matope, nikifukuzwa na mbwa wa watu, na mashine ya Machogu inaimaliza kabla chai haijapoa, bila uji na bila ng'ombe wa kujifanya. Wanasema kwa sasa wanaitumia kuwagawia walimu wa mazoezi shule za kwenda, na kweli ndivyo Machogu alivyofika Masimba kuwauliza walimu maoni yao, akamkuta Purity. Leo ni walimu na shule. Kesho ni vijana wa Mosocho na wasichana wa Gesima. Nitamwozaje mtoto wa kaka yangu kwa mtu ambaye, akifanikiwa kazini, hakuna tena wa kumwoza mtoto wa mtu?

Na liko la ndani zaidi, ambalo limeninyima raha kabisa. Mtu anayeshinda mchana kutwa akiwapanga watu kwenye orodha, wa juu hadi wa chini, akifika nyumbani ataacha? Kwenye orodha ya Machogu, Purity ni wa ngapi? Nimelifikiria hilo nikiwa shambani mpaka nikachuma majani yaliyokomaa badala ya machanga, nikarudishiwa kikapu changu pale kituoni mbele ya wanawake.

6. Maelezo mbele ya wazee. Siku ya mahari mzee yeyote ana haki ya kuuliza kijana anafanya kazi gani, na wa kujibu ni esigani, akiwa amesimama, kwa maneno machache. Nimefanya mazoezi. Nilimfanyia Esnah, akasinzia. Nikisema kijana ni daktari, mzee Ogoti atakunja suruali amwonyeshe goti. Nikisema ni wa kompyuta, kijana ataletewa simu zote zilizokufa katika ukoo. Na nikisema ukweli, kwamba amebobea katika kuwapanga wanaume na wanawake wasitorokane, kikao kitavunjika, maana pale ndani wamo wazee waliotorokwa.

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa Daktari, naomba yafuatayo.

Kwanza, Machogu ahamishwe eneo kabla ya harusi ya Desemba. Nimezunguka ubao wenu wote nikimtafutia pa kwenda, na umeona mwenyewe kwamba hakuna ukoo usio na neno. Basi naomba muanzishe mpya, Ukoo wa Mambo Yanayoonekana, awe mtu wa kuunganisha nyaya na kuamsha printa iliyokwama. Printa wazee wanaijua. Kuna iliyokwama kwa chifu tangu mwaka jana na mtu akiiamsha ataheshimiwa hadi Kisii mjini.

Pili, wahadhiri wote wawe wakihamishwa kila baada ya miaka michache, kama wachungaji wetu wanavyohamishwa makanisa, kabla hawajaota mizizi mahali pamoja. Haron apelekwe Faragha, akafundishwe kubisha hodi. Profesa Nyangate apelekwe kwa Celestine, aone kwamba yapo mambo yanayowezekana. Firdaus aletwe Gesima mwaka mmoja, akae na majirani zangu, kisha tuone faragha yake itafika wapi.

Tatu, eneo lolote jipya la utafiti lisifunguliwe kabla esigani hajatumwa kulichunguza. Mimi mwenyewe niko tayari. Sihitaji ofisi, zile ngazi zinatosha, ila mahamri yasikome.

Jumapili ijayo wazee wanakutana kwangu kusikia nilichokiona. Nisipopata jibu lako, itanibidi nisimame niikatae posa hii. Esigani akishakataa, limekwisha, hakuna rufaa. Purity atalia, nami nitakwenda kulia nyuma ya nyumba ambako hakuna mtu, maana kijana mwenyewe, ukimtoa kwenye utafiti wake, nampenda.

Nisalimie wote: Haron na tabasamu lake, Profesa Nyangate, Firdaus, Ashley ambaye anafundisha vizuri kuliko anavyojua, na Celestine, umwambie mgonjwa wake bado yuko hai. Majirani wenu wa Hisabati wasalimie wewe mwenyewe, ukienda kwa miguu yako, nao watafurahi. Na umsalimie baba yako, Mzee Warsame. Suti niliyofungia ndoa ilitoka dukani kwake na bado inanitosha mabegani.

Wako katika kulinda watoto wa watu,

Ondieki Nyabuto,
Esigani.

Nyongeza, ambayo naiandika kwa mkono:

Karatasi hizo zote hapo juu zimechapwa na Machogu mwenyewe. Nilikuwa nimepeleka barua ya mkono saiba pale sokoni ichapwe, stima zikapotea. Niliporudi nyumbani nilimkuta amekuja kumsalimia Esnah, na laptopu yake ilikuwa na chaji. Nikaona heri nimalize mambo. Nikawa namsomea, naye anachapa, nami namtazama usoni jinsi nilivyozoea kuwatazama watu wanaposemwa.

Hakupunguza neno. Kwa Haron alicheka. Kwa Profesa alicheka hadi akafuta macho. Tulipofika kwa ukoo wake mwenyewe hakucheka, na vidole vikasimama. Nikajua sasa anajitetea. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuzama katika lugha hii ya barua:

"Mzee, hapa umewacha kitu moja mbaya kuliko hizo zote. Hiyo hesabu inapendelea mwenye anaposa. Yeye ndiye anapata mtu bora mwenye angeweza kupata. Mwenye amekaa akingoja kuposwa anaangukia yule wa chini. Andika hiyo pia, ni ukweli."

Sikuiandika. Nilimuuliza kama alilijua jambo hilo alipokuwa akimposa mtoto wa kaka yangu. Purity alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na nikaona ameanza kutazama chini.

"Mimi sikumposa, Mzee," akasema. "Nilikuwa najua. Ndio nikangoja yeye aanze."

Esnah akacheka kwa sauti. Mimi nilimtazama Purity, naye akainua uso akaniambia kwa Ekegusii kwamba ni kweli, alimwambia yeye mwenyewe, pale Masimba, langoni mwa shule, na kwamba kwenye orodha yake hapakuwa na jina la pili. Kisha akaanza kumimina chai kama mtu asiye na habari yoyote. Nimechunguza wachumba wengi, Mheshimiwa Daktari, na wote nimewakuta wakiwahi mbele. Huyu alijua mahali pazuri pa kusimama ni pa mwenye kuposa, akampisha msichana wetu.

Kwa hiyo usimhamishe. Mwache papo hapo alipo, na ukoo wake umpe wanafunzi zaidi. Barua naituma hata hivyo kwa sababu kijana amechapa bila kosa hata moja na ingekuwa hasara kuitupa.

Jumapili nitawaambia wazee kwamba nimechunguza nimeridhika. Nani alianza kuposa sitawaambia, na wewe usimwambie mtu. Ni jambo lao wawili, nami nimekaa nalo tangu asubuhi bila kumtajia jirani hata mmoja, na moyo wangu umejaa furaha.